Mzee Jeconia Ongeri na Vitunguu Vilivyolala Kwenye Baridi

Wasifu wa Mzee Jeconia Ongeri Onsongo, 1914–1979
Umeandikwa na kusomwa nyumbani kwake, karibu na Keumbu, na mpwa wake Eliakim Machogu, Jumapili tarehe 2 Desemba 1979

Familia iliagiza wasifu huu usizidi ukurasa mmoja. Marehemu aliagiza akiwa kitandani kwamba jambo lolote lisiachwe, hasa lile la baa. Kwa kuwa familia inaweza kukasirika na baadaye ikasamehe, lakini marehemu hawezi tena kubadili nia, mpwa wake ameamua kumtii marehemu. Wenye kusimama juani wasogee kwenye migomba.

Mzee Jeconia Ongeri alizaliwa Septemba 1914, mtoto wa tatu wa Mzee Onsongo na mkewe Nyaboke, hatua chache kutoka hapa tuliposimama. Tarehe yake haikuandikwa popote, ila mwezi haubishaniwi, kwa sababu mama yake alishikwa na uchungu wakati ule Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakipigana risasi mjini Kisii. Majirani walikimbilia vilimani, na mkunga akakimbia nao. Nyaboke alijifungua mwenyewe, akamfunga mtoto kwa ngozi, akaendelea kupalilia wimbi. Marehemu alipenda kusema kwamba tangu siku hiyo hakuona tena sababu ya kuharakishwa na Mzungu yeyote.

Mwaka wa 1924 alipelekwa shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne mwaka wa 1930. Mwaka wa 1929 alibatizwa, akapewa jina la Jeconia. Ilikuwa desturi shuleni pale kwamba mwanafunzi mtundu anatumwa kulima bustani ya mwalimu. Jeconia alikuwa mtoto mtulivu, hata mwalimu wake akashangaa kumwona ghafla anachelewa kila asubuhi, anapoteza kalamu, na anajibu hesabu ambazo hata hazijaulizwa. Ilimchukua mwalimu muhula mzima kugundua kwamba mtoto alikuwa anatafuta adhabu. Alipogundua, alimwadhibu kwa kumkataza bustani, na huo ndio ukawa mwisho wa utundu wa Jeconia na, baada ya muda mfupi, wa masomo yake.

Mwaka wa 1931 alienda upande wa Kericho kuchuma chai katika shamba la Wazungu. Mwaka wa 1938 meneja alimwona akipanga mawe kuzunguka mlango wa kibanda chake na kupanda maua kati ya mawe, akamhamishia kwenye bustani ya nyumba kubwa. Huko alikaa miaka ishirini na sita. Mke wa meneja, Bi. Hartnell, alifika mwaka wa 1949 na masanduku kumi na moja, na mojawapo lilijaa vitu ambavyo Jeconia alidhani ni vitunguu vya kupika. Kumbe vilikuwa vitunguu vya maua yaitwayo tulipu. Kwao Uingereza huchanua wakati baridi kali inapokwisha. Kila mwaka kifurushi kipya kilikuja kwa meli, na kila mwaka Bi. Hartnell alivilaza vitunguu vile ndani ya friji yake wiki kumi na mbili, kwenye droo ya chini, kabla ya kumkabidhi Jeconia avipande. Vilichanua vizuri mno, vyekundu, mpaka wageni wa meneja walikuwa wanakuja kunywa chai na kusahau kuinywa.

Hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na marehemu alitaka lisemwe wazi. Alikuwa akiviona vitunguu ndani ya friji kila alipopeleka mboga jikoni. Lakini ndani ya friji ile aliona pia soksi za hariri za memsahibu, mafuta yake ya uso, mishumaa, na dawa ya minyoo ya mbwa. Kwa hiyo aliamua, kama mtu yeyote mwenye akili angeamua, kwamba Wazungu huweka kila kitu kwenye friji na jambo hilo halina maana yoyote. Alijifunza yote mengine kwa makini: kina cha shimo, ncha kuelekea juu, mchanga chini, samadi iliyooza. Lile moja la friji alilipita kama mtu anavyopita ugomvi wa nyumba isiyo yake.

Mwaka wa 1940 marehemu alimuoa Drusilla Nyanchera, binti wa watu wa Nyamira, ambaye yuko hapa mbele yetu amevaa kitambaa cheupe. Walibarikiwa watoto sita. Mama Drusilla ni mtu wa kusema anachokiona. Siku ya posa aliulizwa kama amempenda kijana huyu, akajibu kwamba mikono yake ni michafu lakini inaonekana inafanya kazi. Walikaa pamoja miaka thelathini na tisa bila yeyote kati yao kubadili maoni hayo.

Mwaka wa 1964 Bi. Hartnell na mumewe walirudi kwao. Siku ya kuondoka alimpa Jeconia bati la biskuti lililojaa vitunguu vya tulipu, na juu ya bati kulikuwa na picha ya ua moja jekundu. Akaahidi kumtumia vingine kila mwaka kwa posta. Marehemu alirudi nyumbani, akapanda chai na ndizi kama sisi sote, na mwaka wa 1966 akachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Lakini kabla ya chai na kabla ya uzee wa kanisa, siku ileile aliyofika, binti yake wa mwisho Orpah, aliyekuwa na miaka tisa, alishika lile bati, akagusa ua la pichani, akauliza, "Tata, hili ni la nini?"

"Ni la harusi yako," marehemu akamjibu. "Siku hiyo utalishika mkononi mbele ya watu wote."

"Basi sitaolewa mpaka lichanue," Orpah akasema.

Watu wakacheka sana. Mtoto wa miaka tisa anaweza kusema chochote na watu wakacheka. Taabu ni kwamba alipofika miaka kumi na tisa, mwalimu kamili wa shule ya msingi, alikuwa bado anasema hivyohivyo, na mtu wa kucheka alikuwa amebaki mmoja tu, mama yake, naye hakuwa anacheka kwa furaha.

Kila Oktoba kifurushi kilifika posta ya Keroka. Kila Oktoba marehemu alipanda siku hiyohiyo. Yalitoka majani mapana, ya kijani, mazuri kabisa, halafu basi. Alijaribu samadi ya mbuzi. Alijaribu majivu, kivuli cha mgomba, jua kali, na mwaka mmoja aliuliza kimyakimya kama si dhambi kuyaombea. Mwaka wa 1967 Mama Drusilla alipungukiwa na kitoweo wakati wageni wako mlangoni, akachukua vitunguu vitatu akavikaanga na nyanya. Wageni walikula wakashukuru, isipokuwa walisema vitunguu vya siku hizi havina ukali. Marehemu hakula siku hiyo wala iliyofuata. Na fuko, panya hawa wa chini ya ardhi wanaotuharibia viazi, walikula hata vile ambavyo Mama Drusilla hakupika.

Kila mwaka Bi. Hartnell aliandika kuuliza kama maua yamechanua. Kila mwaka marehemu, asiyependa kumsikitisha mtu, alijibu: "Bado, lakini majani ni mazuri sana." Alijibu hivyo miaka kumi.

Mwaka wa 1974 Jethro Ogari wa Magwagwa, mwalimu mwenzake Orpah, alileta posa. Wazazi wakaridhika, ng'ombe wakaenda walikopaswa kwenda, na wakwe wakaja kupanga tarehe ya harusi. Orpah aliitwa. Akasema anampenda Jethro na hana mwingine, ila anangoja ua la baba yake. Wale wazee wa Magwagwa walikuwa watu wa heshima. Walifikiri ni namna ya kistaarabu ya kuomba ng'ombe wa ziada, wakaongeza mmoja. Orpah akarudisha ng'ombe. Ikawa mara ya kwanza katika ukoo wetu msichana kurudisha ng'ombe na bado akakataa kutoa tarehe.

Mwaka ukapita. Mwaka wa 1975 ukaanza kuisha. Ami zake Jethro walituma neno kwamba kijana wao hataki kuzeeka akingoja majani, na kwamba ikifika mwisho wa Machi bila harusi watamtafutia msichana mwingine ambaye hapendi kilimo. Mama Drusilla alimwendea mumewe pale kwenye majani yake.

"Baba Obwocha," akamwambia, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "wewe ndiye uliahidi. Mimi sikuahidi mtu. Sasa huyu mtoto atakaa hapa kwangu mpaka meno itoke, kwa sababu ya mboga ambayo hata haiivi vizuri."

Marehemu alikuwa mtu wa neno lake, na alijua kwamba Orpah alikuwa mkaidi kwa sababu yeye mwenyewe alimfundisha kwamba neno la baba halirudi nyuma. Siku ile, kwa mara ya kwanza, alimwandikia Bi. Hartnell ukweli wote. Majibu yalikuja pamoja na kifurushi, katikati ya Oktoba 1975, kwa Kiswahili kile cha memsahibu ambacho familia imeamua kisirekebishwe:

"Jeconia. Miaka mingi wewe nasema majani mazuri. Sasa mimi nafikiri sana. Wewe naweka hii vitunguu ndani ya friji kwanza, wiki kumi na mbili, kama mimi nafanya zamani? Kama hapana, maua hapana kuja. Yeye hapana kufa. Yeye nalala tu. Yeye nataka baridi kwanza, halafu yeye naamka."

Marehemu aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akakaa chini kwenye mtaro wa chai, akashika tama. Alikaa hapo mpaka Mama Drusilla akaja kuangalia kama amepatwa na kitu. Akamwambia, "Ni ile friji." Halafu akaanza kucheka, na ilibidi aletewe maji.

Sasa tatizo likawa friji. Zahanati ilikuwa nayo, lakini muuguzi alimwambia kwa adabu kwamba ile ni ya chanjo za watoto, si ya mboga za wazee. Mtu wa hoteli ya Keumbu alikuwa na kabati aliloliita friji, ambalo ndani yake siagi iliyeyuka. Ilibaki friji moja tu ya kutegemewa, friji ya mafuta ya taa iliyokuwa Keroka, ndani ya baa ya Bi. Aloo.

Bi. Aloo yuko hapa leo, yule mama wa gauni la buluu kwenye safu ya pili. Alikuja kutoka upande wa ziwa akiwa mjane, na alibatizwa utotoni katika kanisa letu hilihili la Waadventista kabla biashara haijamchukua upande mwingine. Marehemu alienda kwake na mfuko wake wa karatasi, akasimama nje, maana hakuwa amewahi kuingia baa maishani mwake. Akamweleza yote, tangu soksi za hariri mpaka ami za Jethro. Bi. Aloo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Leta hiyo watoto yako," akasema. "Nitawalaza hapa chini, mbali na chupa. Lakini wewe mwenyewe ukuje kuwaangalia, mimi sijui mambo yao."

Vitunguu ishirini na vinne viliingia kwenye baridi Ijumaa tarehe 17 Oktoba 1975. Wiki kumi na mbili zingetimia Ijumaa tarehe 9 Januari. Marehemu na Orpah wakahesabu kwa kalenda, wakawapa wakwe tarehe: Jumapili, 21 Machi 1976. Wakwe walilalamika kwamba hakuna mtu anayeoa mwezi wa kupanda mahindi, lakini wakakubali, kwa sababu walikuwa wamechoka.

Kila Ijumaa, mapema ili arudi nyumbani kabla Sabato haijaingia, marehemu alitembea hadi Keroka, akaingia baa kwa mlango wa mbele, akapiga magoti mbele ya friji, akageuza vitunguu kimoja kimoja akiangalia kama kuna kilichooza. Hakutumia mlango wa nyuma. Alisema mlango wa nyuma ni wa watu wanaofanya jambo baya. Hilo ndilo lililomponza, kwa sababu duka la Mzee Angwenyi, karani wa kanisa letu, linatazamana na mlango wa mbele.

Mzee Angwenyi, ambaye yuko hapa na amekubali yote haya yasomwe, aliona Ijumaa ya kwanza akadhani macho yamemdanganya. Ya pili aliandika tarehe. Kufikia ya tisa alikuwa na karatasi nzima. Jumapili tarehe 21 Desemba marehemu aliitwa mbele ya kamati ya kanisa, wanaume saba, mwenyekiti akiwa Mchungaji Abner.

"Mzee Jeconia," mchungaji akamwuliza, "ni kweli unaingia kwa baa ya Aloo kila Ijumaa?"

"Ni kweli."

"Unaenda kufanya nini?"

"Kugeuza vitunguu."

Wazee wakatazamana. Angwenyi akainua kalamu. "Niandike hivyo?"

"Andika," marehemu akasema.

"Vitunguu gani inageuzwa ndani ya baa?" mchungaji akauliza.

Marehemu alieleza. Tatizo ni kwamba ukweli wake ulikuwa na umbo la uongo, na kadiri alivyoeleza ndivyo ulivyozidi kuharibika. Alipofika kwenye dawa ya minyoo ya mbwa, mzee mmoja alifumba macho kana kwamba anamwombea. Kamati ikampa uamuzi. Asitie mguu tena katika baa ile kuanzia siku hiyo. Akiingia hata mara moja, atavuliwa uzee wa kanisa, na harusi ya binti yake haitafungwa katika kanisa hilo.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kasoro siku mbili. Marehemu alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi. Akiacha kwenda, vitunguu vingeoza bila mtu wa kuviangalia, ua lisingekuwapo, na Orpah angekataa kuolewa. Akienda, ua lingekuwapo na kanisa lingekataa kumwoza. Mpwa wake alikuwa amekaa nje ya dirisha siku ile na anakumbuka kwamba mjomba wake alikuwa anaizungusha kofia ile bila kukoma.

"Nimekuwa mzee wa kanisa miaka tisa," akasema mwishoni. "Nimekuwa baba ya Orpah miaka ishirini. Uzee mchukue. Lakini kabla ya kumfungia mtoto wangu mlango, nyinyi wenyewe nendeni muangalie ile friji. Hamjaona kitu na mmekata neno."

Mchungaji Abner alikuwa mtu wa haki. Alisema kweli kamati haijaona kitu, na itaenda kuona.

Wakaenda Jumanne, tarehe 23 Desemba, saa nne asubuhi. Katika busara yao yote hakuna aliyekumbuka kwamba wiki ya Krismasi Keroka hujaa watu, na nusu ya wilaya imerudi kutoka Nairobi. Wanaume saba waliovaa makoti na tai, wamebeba Biblia, waliingia baa ya Aloo kwa mlango wa mbele mmoja baada ya mwingine. Soko likanyamaza. Kisha soko likasogea karibu.

Bi. Aloo aliwapangusia meza na kuwavutia viti. "Karibuni wazee," akasema. "Mtakunywa ya moto ama ya baridi?"

Mchungaji alisema wamekuja kuona friji. Bi. Aloo akafungua. Chini kabisa, mbali na chupa, ndani ya mifuko ya karatasi iliyotobolewa ipumue, vilikuwa vimelala vitunguu ishirini na vitatu. Cha ishirini na nne kilikuwa kimeoza, na marehemu alikuwa amekizika nyuma ya baa. Wazee wakainama wote saba. Mmoja akakigusa kimoja kwa kidole, Bi. Aloo akamwambia asimwamshe mtoto. Kisha akawapa soda kila mtu bure, na kwa kuwa ni utovu wa adabu kukataa, wakakaa wakanywa. Angwenyi akaweka karatasi yake kaunta, karibu na kifungulio cha chupa kilichofungwa mnyororo, akaanza kuandika kumbukumbu za kikao.

Hapo ndipo aliposikia mtu akikohoa mlangoni. Alikuwa mama mkwe wake, aliyekuja sokoni kuuza ndizi na kusogea kama wengine aone ni nini kinachotazamwa. Kila mtu hapa anajua heshima iliyopo kwetu kati ya mtu na mama mkwe wake, kwamba hawatazamani ovyo hata njiani. Sasa fikiria kutazamana naye ukiwa umeegemea kaunta ya baa saa nne asubuhi, chupa mkononi. Mama alijifunika uso kwa leso. Angwenyi alitafuta njia, akapata ule mlango wa nyuma ambao Mzee Jeconia alikuwa ameukataa wiki tisa, akatoka nao mbio.

Kumbukumbu za kikao hicho zipo mpaka leo. Zinasema: "Kamati iliingia saa nne na robo. Ilionyeshwa vitunguu. Ilikuta ni vitunguu." Zinaishia hapo kwa sababu karani hakurudi. Shauri halikuzungumzwa tena, kwani kama kuingia baa ya Aloo ni kosa, kamati nzima ingebidi ijivue uzee. Ijumaa tatu zilizobaki, Mzee Angwenyi mwenyewe alimsindikiza marehemu hadi kwenye friji, akamshikia mfuko. Alimwomba msamaha huko, wakiwa wamepiga magoti wote wawili, na marehemu akamwambia ageuze hivyo vya upande wake.

Vilipandwa Jumapili tarehe 11 Januari 1976, nyuma ya nyumba ile. Fuko walikula tisa. Vitatu vilitoa majani tu, kwa mazoea. Kumi na kimoja vilitoa vikonyo, na juu ya kila kikonyo tumba. Lakini wiki ya harusi ilikuwa ya mvua na baridi, na asubuhi ya tarehe 21 Machi matumba yote yalikuwa yamefumba kabisa, ya kijani, yenye wekundu mdogo nchani. Marehemu alikata matano, akaingia nayo ndani kwa binti yake aliyekuwa amevalishwa tayari. Alikuwa na miaka sitini na moja na hakuweza kumwangalia usoni.

Orpah akayaangalia. "Tata, hayajachanua."

"Najua."

Mama Drusilla, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameyaita maua yale mboga, alisimama mlangoni na machozi yakamtoka. Orpah akayachukua. "Nimengoja miaka hii yote," akasema. "Naweza kungoja mpaka kanisani."

Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Ilikuwa mvua nje na joto ndani, watu mia nne katika makoti yaliyolowa, na hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo hata Bi. Hartnell hakuwahi kuandika, kwamba tulipu ikiingia kwenye joto hufunguka yenyewe. Yalianza katikati ya mahubiri. Safu ya mbele ikaona, ikagusana viwiko. Safu ya pili ikasimama ili ione. Mchungaji Abner alidhani mahubiri yamewagusa, akaongeza sauti. Alipofika kwenye swali lenyewe na kumwuliza Orpah kama anamkubali Jethro Ogari, Orpah hakujibu. Aliinama kutazama mikono yake. Jethro akatokwa na kijasho chembamba. Ami zake wakaanza kunong'ona. Maua matano yalikuwa yamefunguka kama vikombe, mekundu, kama lile la kwenye bati. Orpah aligeuka nyuma, akamtafuta baba yake kati ya watu, akamwonyesha. Ndipo akasema ndiyo.

Marehemu alimwandikia Bi. Hartnell jioni ile: "Yamechanua. Harusi pia ilikuwa nzuri."

Tangu mwaka huo vitunguu vililala kwa Bi. Aloo kila Oktoba, na hakuna aliyeuliza kitu. Mwaka huu kifurushi kilikuja kama kawaida na kikaingia kwenye baridi Ijumaa tarehe 12 Oktoba. Lakini marehemu alikuwa ameanza kuugua kifua tangu Agosti, na ile Ijumaa ilikuwa safari yake ya mwisho ya Keroka. Mwanzoni mwa Novemba alilazwa hospitalini Kisii. Madaktari walifanya walichoweza, na familia inawashukuru. Alikuwa akiuliza tarehe kila asubuhi, na wauguzi walidhani anachanganyikiwa, kumbe alikuwa anahesabu wiki. Bi. Aloo alipokwenda kumwona alimwuliza kama avitoe mapema, ili mzee avione vikipandwa.

"Usiviguse," akamwambia. "Wiki zikitimia vitaamka vyenyewe. Ukiviharakisha utapata majani."

Alifariki Alhamisi tarehe 22 Novemba 1979, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Drusilla. Mama anasema hata siku hiyo kulikuwa na udongo chini ya kucha.

Ameacha mjane, Drusilla Nyanchera. Watoto sita: Samson Obwocha, Peris Kemunto, Zablon Nyakundi, Truphena Moraa, Hezron Mokaya na Orpah Ogari. Wakaza wana, wakwe, na wajukuu ishirini na watatu, mdogo kabisa akiwa binti wa Orpah aliyeanza wiki hii kutembea na tayari amekanyaga kitalu. Ameacha pia Bi. Hartnell kule Uingereza, ambaye barua yetu bado iko njiani, na Bi. Aloo wa Keroka, ambaye Mama Drusilla amesema aandikwe hapa pamoja na watu wa nyumbani.

Wengi mmeuliza kwa nini hatukuweka maua yake juu ya jeneza, au vitunguu vyake ndani ya kaburi. Ndugu kadhaa walitaka hivyo, na jana walimwomba Bi. Aloo avilete. Leo amekuja mikono mitupu, kwa makusudi. Vitunguu vina wiki saba na siku mbili tu. Mama Drusilla ameamua visubiri. Kila Ijumaa atakwenda Keroka mwenyewe kuvigeuza, kwa mlango wa mbele, na Mzee Angwenyi ameahidi kumshikia mfuko. Vitapandwa juu ya kaburi hili Jumapili tarehe 6 Januari, na nyote mmealikwa. Mama anaomba mtu yeyote asivichimbue kwenda kupika. Anasema yeye alijaribu, havina ladha.

Kanisa letu linafundisha kwamba wafu wamelala tu, wanangoja kuamshwa. Marehemu aliketi kwenye benchi miaka hamsini akisikiliza fundisho hilo, na alimwambia mpwa wake kwamba hakulielewa sawasawa mpaka aliposoma ile barua kwenye mtaro wa chai.

Mjomba, sasa uko kwenye baridi. Hatutakuharakisha. Lala kwa amani mpaka wiki zako zitimie.